Kumiliki na Kutunza Mashua Nchini Kenya Ukiwa Mkaazi wa Dodoma

Kutoka Dodoma hadi hori la Kilifi, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, ambako mashua yetu imefungwa, ni safari ya siku mbili. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imetupunguzia uchovu wa mwanzo wa safari. Baada ya hapo kuna basi la Tanga, kituo cha mpaka cha Horohoro na Lunga Lunga, barabara ya pwani ya kusini, kivuko cha Likoni, na mwisho kilomita kama 60 kutoka Mombasa kuelekea kaskazini. Nimeanza na umbali huu kwa sababu ndio unaotawala kila uamuzi wa mtu mwenye chombo katika nchi isiyo yake. Anayeishi Kilifi, upepo ukigeuka usiku, huamka akaenda kuangalia kamba zake. Sisi tunaoishi katika nchi kavu ya kati, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 600 tu, tunapata habari hizo kwa simu, asubuhi, jambo likiwa limekwisha kutokea.

Mashua ninayoizungumzia ni ya mbao, ina urefu wa mita 8, ina tanga moja na injini ya nje ya nguvu za farasi 15. Naimiliki pamoja na shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye ni mwenyeji wa Kilifi lakini kazi yake humweka Nairobi sehemu kubwa ya mwaka. Haibebi abiria wa kulipa wala haivui samaki wa kuuza. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu wa namna yetu: mwenye chombo kidogo cha matumizi ya familia, anayekaa mbali nacho, na anayetaka akikute kikiwa kizima kila anapokwenda.

Mtu kabla ya chombo

Watu wengi huanza kwa kutafuta mashua, wakishainunua hutafuta mahali pa kuifunga, na mwisho kabisa hutafuta mtu wa kuiangalia. Ninashauri utaratibu huo ugeuzwe. Tafuta kwanza mtu, kisha mahali, na chombo kije mwishoni, kwa kuwa mashua nzuri iliyo mikononi mwa mtu asiyejali haimalizi misimu miwili, ilhali mashua ya wastani iliyo chini ya nahodha makini hudumu miaka mingi.

Sisi wa mikoa ya kati hatuhitaji kwenda mbali kujifunza jinsi ya kumkabidhi mtu mali yenye uhai. Wafugaji wa huku, Wagogo na Wanyaturu miongoni mwao, wana desturi ya zamani ya kuwagawa ng'ombe wao kwa ndugu na marafiki wanaoishi mbali, ili ukame au maradhi yakiingia sehemu moja mifugo yote isiangamie. Anayechunga hunywa maziwa na hutumia samadi. Ng'ombe na ndama hubaki mali ya mwenyewe. Mnyama akifa, mchungaji hapeleki maneno matupu, bali hupeleka na ngozi. Mwenye mali naye huenda mara kwa mara kuwaona ng'ombe wake, akikaribishwa kama mgeni wa heshima. Nilipokuwa nikifikiria makubaliano yetu na mzee anayetutunzia mashua, nahodha mstaafu wa pale Mnarani, kando ya hori hilo, nilirudi kwenye desturi hii, nayo ilinipa karibu kila kifungu nilichohitaji.

Maziwa yajulikane mapema. Mtunzaji anayelipwa fedha kidogo kila mwezi bila ruhusa yoyote ya kutumia chombo ataitumia mashua kwa siri, na matumizi ya siri ndiyo yanayoharibu, kwa kuwa jambo likivunjika litafichwa pia. Sisi tulikubaliana malipo ya kila mwezi pamoja na haki ya mzee kuitumia mashua siku mbili kwa juma kwa mahitaji ya nyumba yake, akijaza mafuta mwenyewe. Tulikubaliana vilevile jambo ambalo halitafanyika kwa hali yoyote: kubeba abiria wa kulipa. Sababu si uchoyo. Abiria wa kulipa hubadilisha mashua kuwa chombo cha biashara, na biashara inadai leseni nyingine, ukaguzi mwingine na bima nyingine. Mgeni anayefanya biashara bila vibali huweka hatarini haki yake ya kuingia nchini humo.

Ngozi nayo iletwe. Kila kifaa kinachobadilishwa, iwe plagi, kipande cha zinki, kamba iliyochakaa au feni ya pampu ya maji, huwekwa kwenye gunia moja nyumbani kwa mzee hadi mmoja wetu afike alione. Picha za simu ni ngozi ya kila juma, lakini picha ina udanganyifu wake: mtu anaweza kutuma ya mwezi uliopita bila nia mbaya. Tulikubaliana kwamba kila picha ioneshe mashua yote ikiwa imeelea, kisha ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini ya chombo maji yanapokusanyika, kisha fundo la kamba kwenye omo, yaani mbele ya chombo, na zipigwe wakati wa maji kupwa, yakiwa yameshuka, ili hali ya ubavu wa chini ionekane.

Kifungu ambacho wengi hukisahau ni kile cha fedha za dharura. Kamba ikikatika saa nane usiku, mtunzaji asilazimike kumtafuta mwenye mali aliyelala Dodoma ili apewe ruhusa ya kukodi boti ya kuifuata mashua. Andikeni kiwango, kwa shilingi za Kenya, ambacho anaweza kukitumia kwanza na kutoa taarifa baadaye. Kutuma fedha si tatizo tena, kwani M-Pesa ya huku huweza kupeleka moja kwa moja kwa M-Pesa ya Kenya, na kila muamala huacha kumbukumbu inayofaa kutunzwa pamoja na risiti.

Mkataba huu tuliuandika kwa Kiswahili, tukausaini mbele ya mashahidi kutoka pande zote mbili. Tuna bahati ambayo Mtanzania anayetunza chombo Uturuki au Ufaransa hana, ya kuzungumza na mtunzaji lugha moja, na ni vyema bahati hiyo itumike kikamilifu. Pamoja na mkataba, mpe mtunzaji hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na wakili, inayotaja jina la mashua, namba yake na namba ya injini. Hati hiyo iseme anachoruhusiwa kufanya, yaani kuihamisha, kuitengeneza na kuiwakilisha mbele ya maofisa, na iseme kwa uwazi uleule asichoruhusiwa: kuiuza, kuiweka rehani na kuivusha mpaka.

Kabla ya yote hayo, nenda ukajitambulishe kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo, ambacho pande zote za mpaka hujulikana kama BMU. Hawa ndio wanaojua chombo kipi ni cha nani na mtu yupi anaaminika. Tulimpata mzee wetu kupitia kwao, wala si kwa tangazo.

Hati na bendera

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unasema kwamba kila nchi hujiwekea masharti ya kukipa chombo utaifa wake, na kwamba chombo husafiri chini ya bendera ya nchi moja tu. Kwa mwenye mashua ndogo hili lina maana ya moja kwa moja: mashua haiwezi kuwa na usajili mara mbili, na anayenunua chombo kilichosajiliwa kwingine lazima ahakikishe usajili wa zamani umefutwa au umehamishwa kabla ya kuomba mpya.

Kwa upande wa Kenya, usajili na ukaguzi wa vyombo uko chini ya Mamlaka ya Bahari ya nchi hiyo, KMA, yenye makao yake Mombasa, ikiongozwa na Sheria ya Usafiri wa Meli ya mwaka 2009. Kwa upande wetu kazi hiyo hufanywa na TASAC, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, na kwa Zanzibar ni ZMA, mamlaka ya usafiri wa baharini ya huko. Mtanzania anayetaka kuweka mashua Kenya ana njia mbili za kufikiria. Ya kwanza ni kushirikiana na Mkenya katika umiliki, kama tulivyofanya mimi na shemeji, na chombo kikasajiliwa huko. Ya pili ni kukisajili nyumbani na kukiingiza Kenya kwa muda. Njia ya pili inaonekana rahisi mpaka mtu asome Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo inaweka kikomo cha miezi 12 kwa bidhaa zinazoingizwa kwa muda bila ushuru. Anayenuia kuiacha mashua mahali pamoja mwaka hadi mwaka hawezi kuishi juu ya kibali cha muda, na afisa wa forodha ana haki ya kuuliza chombo hicho kinafanya nini hapo mwezi wa 13. Anayewaza kuhusu Ulaya akumbuke kwamba huko pia kuna saa inayohesabu: mtu asiyeishi katika Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kuweka humo mashua yake binafsi kwa miezi 18 bila kulipa ushuru, na ikipita hapo hali hubadilika.

Ikiwa umiliki ni wa ubia, gawaneni hisa kwa maandishi. Katika desturi ya Kiingereza, ambayo imeacha alama katika sheria nyingi za bahari duniani, umiliki wa meli iliyosajiliwa hugawanywa katika hisa 64, na kila mwenye hisa anajulikana. Si lazima mashua ya mita 8 igawanywe hivyo, lakini ni lazima ijulikane nani ana nusu, nani ana robo, na mmoja akifariki sehemu yake inakwenda kwa nani. Undugu hauondoi haja ya karatasi hii. Mimi naona ndio unaoifanya iwe muhimu zaidi, kwa kuwa hakuna anayetaka kumshitaki mume wa dada yake.

Wakati wa kununua, linganisha namba iliyogongwa kwenye injini na ile iliyo kwenye risiti, kisha ipige picha ukiwa na muuzaji. Injini za nje huibwa na kuuzwa upya pwani nzima, na mnunuzi wa nia njema hupoteza injini pamoja na fedha zake. Uliza kama kuna deni la fundi, la mahali pa kufungia au la mkopo, na muuzaji aandike kwa mkono wake kwamba halipo. Uliza pia ushuru wa injini ulilipwa lini na wapi, kwa sababu swali hilo litakurudia siku utakayotaka kuihamisha.

Mahali pa kuifunga

Hori la Kilifi lilitufaa kwa sababu limeingia ndani ya nchi kavu na kuacha mawimbi makubwa nje. Hata hivyo utulivu wa juu ya maji usimdanganye mtu wa bara. Katika pwani hii maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, ambayo huja kila mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na mkondo unaotoka horini maji yakipwa una nguvu ya kuikokota mashua yenye nanga dhaifu.

Hesabu ya kamba ya nanga ifanywe kwa kina cha maji yakiwa yamejaa. Tuseme mahali pana kina cha mita 4 maji yakiwa yamekupwa. Bamvua itaongeza mita 3, na omo iko mita 1 juu ya maji, hivyo umbali kutoka omo hadi chini ni mita 8. Ukichukua kanuni ya kawaida ya kamba mara 5 ya umbali huo, unahitaji mita 40. Mgeni aliyepima kwa maji ya kupwa angetoa mita 25, na usiku wa bamvua nanga yake ingeinuliwa taratibu kutoka mchangani bila yeye kujua. Kamba hiyo ndefu nayo huzungusha mashua katika duara pana, kwa hiyo angalia majirani kabla ya kutupa nanga.

Kwa chombo kinachokaa mwaka mzima, nanga haitoshi. Kinahitaji boya lililofungwa kwenye uzito wa kudumu. Hapa kuna jambo ambalo fundi wa zege wa Dodoma hawezi kulikisia. Zege likizama baharini hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake: bonge la kilo 1,000 ulilolipima nchi kavu hubaki na uzito wa kama kilo 570 tu likiwa chini ya maji. Chuma hupoteza kama asilimia 13. Hivyo anayenunua uzito kwa kilo za nchi kavu ananunua chini ya anachofikiri, na bonge la zege linapaswa kuzama na kujizika kwenye tope ndipo lishike vizuri. Mnyororo unaounganisha boya na uzito huo huchakaa zaidi pale unapogusa chini, mahali ambapo unainuka na kulala mara nne kila siku, na sehemu hiyo haionekani kutoka juu. Lipa mzamiaji aikague kila baada ya miezi 6 na alete picha. Kamba ya juu huliwa pale inapopita kwenye omo. Ivalishwe kipande cha mpira wa bomba, na mpira huo uangaliwe pia.

Usiifunge mashua kwenye mikoko, wala usikate mti wa mkoko kwa ajili ya nguzo. Mikoko ya pwani ya Kenya ni msitu wa serikali, tena ni kinga ya hori lenyewe.

Maji matamu, wadudu wa mbao na injini

Mwaka wetu wa pili nilijifunza somo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza. Masika ilikuwa imeshika, Mei, mwezi ambao mvua ya Kilifi huwa nyingi kuliko miezi mingine. Nilikuwa na kazi nyingi nikaahirisha safari, nikiamini kwamba hatari ya mashua ni bahari. Mzee alinipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema polepole: "Mwanangu, chombo chanywa maji. Si ya bahari, ni ya mvua. Njoni mukitazame." Turubai lilikuwa limelegea katikati na kufanya dimbwi, dimbwi likawa likimimina ndani ya ngama kila siku, na mataruma mawili, yaani mbavu za mbao za chombo, karibu na tezi, upande wa nyuma, yalikuwa yameanza kulainika.

Mafundi wa pwani wanalijua hili tangu zamani: maji ya chumvi huhifadhi mbao, maji matamu huiozesha, kwa kuwa kuvu wanaokula mbao hustawi kwenye unyevu usio na chumvi. Ndiyo sababu utawaona wakimwagia sitaha maji ya bahari wakati wa jua kali, jambo ambalo pia huzuia mbao zisikauke na kuachana. Turubai liwe na mwinamo mkali kama paa, liache upenyo wa hewa omo na tezi, na mtunzaji afue maji, yaani ayatoe ngamani, kila baada ya mvua, hata kama pampu ya umeme wa jua inafanya kazi. Pampu huziba kwa jani moja.

Chini ya maji adui ni mwingine. Kuna mdudu wa baharini mwenye mwili laini kama mnyoo, jamaa ya chaza, ambaye huingia kwenye mbao akiwa mdogo sana kupitia tundu lisilozidi ncha ya sindano, kisha hukua akichimba ndani kwa kufuata nyuzi za mti. Kwa nje ubao huonekana mzima. Ndani umebaki kama sega la nyuki. Dawa yake ni kukipandisha chombo ufukoni. Hufanywa wakati wa bamvua: mashua huletwa maji yakiwa yamejaa, huegemezwa kwa magadi, yaani miti ya kuizuia isilale, pande zote mbili, na maji yakishuka kwa muda wa saa kama 6 mwili wote hubaki wazi hadi chini ya mkuku, uti wa chini wa chombo. Hapo hukwanguliwa chaza na majani, hugongwa kwa nyundo ubao kwa ubao ili kusikiliza palipo patupu, na mafundi wa jadi hupitisha moto wa makuti chini yake kuwaua wadudu walioingia. Nyufa hutiwa kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta. Kisha hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, au rangi ya kisasa ya kuzuia viumbe vya baharini. Rangi hiyo ina muda wake wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo, na ikiwa muda huo hautoshi ndani ya kupwa kimoja, chombo kivutwe juu zaidi kisubiri. Nimewaona watu wakiharakisha hatua hii na rangi ikabanduka ndani ya mwezi.

Jitahidi uwepo siku hiyo. Ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo mwenye mali anaiona mashua yake yote, na mazungumzo ya siku hiyo na mafundi yana thamani kuliko simu 50.

Injini haina haja ya maelezo marefu. Isikae kwenye maji mtunzaji asipoitumia. Ivuliwe, ilale kwa mzee, na baada ya kila safari izungushwe kwa maji matamu kwa dakika 10, hata kama ni ndani ya pipa. Kijito cha maji kinachotoka nyuma kikipungua nguvu, feni ya pampu ibadilishwe kabla ya safari nyingine. Mafuta ya gia yakitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia kupitia sili iliyochoka. Kipande cha zinki, ambacho huliwa na chumvi badala ya chuma chenyewe, kibadilishwe kikifika nusu, na kisipakwe rangi kamwe, kwa kuwa kikipakwa hakifanyi kazi. Petroli isiachwe kwenye kabureta kwa miezi.

Lini uende

Kalenda ya mwenye mashua anayeishi mbali ifuate pepo na si likizo za ofisi, ingawa najua kwa mtumishi wa umma mambo haya mawili hugombana. Kaskazi huvuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi, bahari ikiwa ya kirafiki. Kusi huingia karibu na Aprili na kuendelea hadi Septemba, ikiwa na nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti. Katikati yake kuna maleleji, wakati pepo zinapobadilika. Safari mbili kwa mwaka ndizo kiwango cha chini ninachokiona kinafaa. Ya kwanza ni Machi, kabla ya mvua na kusi, kwa ajili ya turubai, kamba na boya. Ya pili ni Oktoba au Novemba, kusi ikiwa imekwisha, kwa ajili ya kuipandisha mashua ufukoni. Kabla ya kukata tiketi, angalia tarehe za bamvua. Kufika Kilifi wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, ukitaka kuipandisha mashua ni kupoteza nauli.

Ukiwa huko utatamani kuvuka kwenda Pemba au Tanga, na jambo hilo linawezekana, lakini mashua ikivuka mpaka haitazamwi tena kama ngalawa ya jirani. Utahitaji kibali cha kuondoka kutoka kwa maofisa wa Mombasa au Shimoni, pasipoti zilizogongwa za wote waliomo, na kuripoti kwenye bandari yenye forodha na uhamiaji upande wa pili kabla ya kushuka. Ndani ya Kenya kwenyewe, fahamu kwamba Malindi na Watamu ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1968. Kuingia kuna ada, na ndani ya hifadhi hizo uvuvi hauruhusiwi.

Kuhusu bima, soma vifungu vitatu: mipaka ya maji ambamo inafanya kazi, masharti yake chombo kikiachwa bila mwenyewe, na dhima kwa watu wengine. Kifungu cha pili ndicho kinachowaangusha wamiliki wa mbali, kwa hiyo eleza kampuni tangu mwanzo kwamba unaishi nchi nyingine na kwamba mtunzaji ana hati.

Jaketi okozi iwepo kwa kila mtu aliyemo na ivaliwe, isikaliwe kama mto. Redio ya baharini iwekwe chaneli 16. Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini kilichoanzishwa mwaka 2006, ambacho eneo lake linagusa pia maji ya Tanzania. Anayeishi Dodoma na hajawahi kushika usukani anaweza kuanza kujifunza kasia na injini katika bwawa la Mtera akiwa na wavuvi wa pale, asisahau kwamba maji yale yana mamba na viboko. Mtera haitamfundisha bamvua wala mkondo, na hayo ajifunze kwa mzee wa Kilifi akiwa amekaa kimya omo.

Siku ya kuachana nayo

Huenda siku moja familia ikaamua kuuza. Fanya hivyo ukiwa pale pale ilipo mashua, si kwa simu. Mtunzaji aambiwe kabla ya mnunuzi wa kwanza kuja, na apewe nafasi ya kuinunua yeye kwanza au kupendekezwa kwa mwenye mali mpya. Katika ufugaji, mchungaji wa muda mrefu haondoki mikono mitupu, na mkataba wetu una kifungu kinachompa mzee sehemu ya bei. Hati ya uwakilishi ibatilishwe kwa maandishi, na nakala ipelekwe BMU. Mamlaka iliyoisajili ijulishwe kuhusu mabadiliko ya umiliki, kwa sababu mashua ikisababisha ajali ikiwa bado kwa jina lako, ni wewe utakayetafutwa. Bima isitishwe tarehe ileile ya makabidhiano na si kabla. Ikiwa mnunuzi haichukui nafasi yenu ya kufungia, mlipe mzamiaji aondoe boya na mnyororo pamoja na bonge la zege, ili kamba iliyoachwa isije ikanasa feni ya injini ya mvuvi mwingine.